Mzaha wa Dakika 38

Kiwengwa ilijifunza Kiitaliano kwanza, Kipolandi baadaye. Hoteli za Waitaliano zilipojipanga kwenye pwani hii ya mashariki ya Unguja, watoto wa hapa walianza kusema "ciao" kabla hawajahitimu juzuu ya amma. Kisha likaja janga la korona. Nchi nyingi zikafunga milango, Zanzibar ikawahi kuufungua wake, na ndege za kukodi zikaanza kushusha Wapolandi. Vijana wa ufukweni wakaongeza salamu moja zaidi mdomoni. Papasi, yaani kijana wa mtaani anayewaongoza watalii, hana ubaguzi wa lugha. Anayelipa ndiye mwalimu wake.

Mchukue kijana mmoja miongoni mwao. Jina hana haja nalo, kwani wa namna yake ni wengi, na kisa chake nimekitunga kwa ajili ya funzo, ingawa sidhani kama kina jambo ambalo halijapata kumfika mtu. Kazi yake ni kuwapeleka wageni Mji Mkongwe kwa gari dogo: Forodhani, Ngome Kongwe, Darajani, kisha kurudi kabla ya chakula cha jioni hotelini. Ana ulimi mtamu. Na katika bidhaa zote za ulimi wake, inayouzika kuliko zote ni hii, anayoitoa wakiwa wamesimama mbele ya jumba la Beit el Ajaib:

"Mabibi na mabwana, mwaka 1896 Sultani wetu alipigana na Waingereza. Vita vilianza saa tatu asubuhi. Kabla chai haijapoa, vimekwisha! Dakika 38, vita vifupi kuliko vyote duniani. Sisi Wazanzibari kila kitu ni pole pole. Siku ile tu ndiyo tuliyofanya haraka."

Wageni hucheka mpaka wakashikana mabega. Bakshishi hutoka papo hapo. Na haki ya Mungu, mzaha umepangwa vizuri; mimi mwenyewe ningecheka.

Siku moja, kati ya Wapolandi aliowapeleka, mzee mmoja hakucheka. Kijana alidhani hakuelewa, akairudia ile sehemu ya chai kwa Kiingereza cha taratibu. Mzee akamwambia kwamba ameelewa tangu mara ya kwanza. "Sisi pia tuna mzaha wetu," akasema. "Wetu una farasi." Akamtajia jina la filamu, *Lotna*, akamwambia aitafute.

Usiku ule kijana aliipata kwenye simu. Hakuelewa neno hata moja lakini picha zilijieleza. Askari wa Kipolandi wamepanda farasi, mikuki na vitara mikononi, wanavishambulia vifaru vya Wajerumani kwa mbio. Mmoja wao anakifikia kifaru, anainua kitara chake, anaupiga nacho mtutu wa mzinga. Kijana akacheka peke yake gizani. Watu gani hawa, kupigana na chuma kwa upanga? Akamwonesha mwenzake, naye akacheka.

Hapo ndipo penye mtego, na inafaa tuondoke Kiwengwa kidogo tuutazame vizuri.

Tarehe 1 Septemba 1939, siku ya kwanza ya Vita Vikuu vya Pili, karibu na kijiji cha Krojanty kaskazini mwa Poland, Kanali Kazimierz Mastalerz wa kikosi cha 18 cha wapanda farasi wa Pomerania aliamuru vikosi viwili vidogo, askari wapatao 250, viwavamie Wajerumani wa miguu waliokuwa wamepumzika kwenye uwanda kando ya msitu. Uvamizi ulifanikiwa. Wajerumani walitawanyika. Ndipo magari ya deraya yalipochomoza kutoka msituni yakawamiminia risasi za bombomu wale wapanda farasi waliokuwa uwandani bila kinga. Mastalerz aliuawa, na askari wapatao ishirini pamoja naye. Lakini Wajerumani walikuwa wamecheleweshwa, na askari wengine wa Poland wakapata nafasi ya kurudi nyuma.

Vifaru havikuwapo. Hakuna aliyepiga chuma kwa kitara. Siku iliyofuata waandishi wa habari wa Kiitaliano, anayetajwa zaidi kati yao akiwa Indro Montanelli, walipelekwa mahali pale, wakaoneshwa maiti za watu na za farasi, na vifaru ambavyo vilikuwa vimefika baadaye. Wakaelezwa kwamba hawa walivishambulia hivi. Wakaandika. Waliandika kwa kusifu ushujaa, na hilo ndilo lililoipa habari mbawa. Idara ya propaganda ya Ujerumani ikaipokea kwa mikono miwili, maana adui anayepigana na vifaru kwa mkuki ni mtu wa karne iliyopita, na nchi ya watu wa karne iliyopita haionewi huruma ikimezwa. Hata Jenerali Heinz Guderian, aliyeongoza vifaru kwenye eneo lile, aliirudia hadithi hiyo katika kumbukumbu zake baada ya vita.

Ukweli wa siku ile ile ulikuwa mahali pengine. Kusini zaidi, kwenye kijiji cha Mokra, brigedi ya wapanda farasi wa Volhynia ilikabiliana na divisheni ya nne ya vifaru ya Ujerumani. Walishuka chini, kama ilivyokuwa kanuni yao, kwa sababu farasi kwao alikuwa chombo cha kusafiria. Vita walivipigana kwa miguu, kwa mizinga midogo ya kuharibu vifaru na kwa bunduki zilizoundwa kutoboa deraya. Walisaidiwa na treni ya kivita. Kufikia jioni Wajerumani walikuwa wamepoteza makumi ya vifaru na magari. Na Wajerumani wenyewe, hao wanaosimuliwa kuwa jeshi la injini tupu, walikuwa na mamia ya maelfu ya farasi wakivuta mizinga na chakula. Nani anaikumbuka Mokra? Haina mchezo ndani yake. Haina cha kuchekesha wala cha kuliza.

Tungeweza kusema basi, adui alisingizia, ndiyo kazi ya adui. Lakini *Lotna* haikutengenezwa na Mjerumani. Ilitengenezwa mwaka 1959 na Andrzej Wajda, Mpolandi, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshatoa filamu mbili zilizompa jina ulimwenguni kote. Na hakuwa mtu wa kupita tu katika habari hizi. Alizaliwa mwaka 1926 huko Suwałki, mji wa kambi za jeshi ambako wapanda farasi walikuwa ni sehemu ya mandhari ya mtaa. Baba yake, Jakub, alikuwa ofisa wa jeshi la miguu. Mwaka 1940 baba huyo aliuawa pamoja na maelfu ya maofisa wenzake waliokuwa mateka mikononi mwa polisi wa siri wa Kisovieti.

Sasa fikiri. Poland ya mwaka 1959 ilikuwa chini ya kivuli cha Moscow. Kifo cha baba yake, na nani alikisababisha, Wajda asingeweza kukiweka kwenye skrini. Ilibidi angoje hadi mwaka 2007, akiwa na miaka zaidi ya themanini, ndipo akaitoa filamu ya *Katyń*, juu ya mauaji yale. Kilichoruhusiwa mwaka 1959 kilikuwa kifo cha namna nyingine: maofisa vijana, majani ya vuli, jumba la mabwana wa zamani, na farasi jike mweupe ambaye kila anayempanda anakufa, akarithiwa na mwingine. Mwishowe farasi huyo anavunjika mguu, anapigwa risasi, na ofisa wa mwisho anauvunja upanga wake. Ni filamu nzuri kwa macho. Rangi zake, na ilikuwa filamu yake ya kwanza ya rangi, huganda kichwani. Mimi nadhani mtoto yule alitaka kuwazika wazee wake kwa heshima, na kwa kuwa hakuruhusiwa kusema walivyokufa kweli, akawapa kifo kingine kilicho kizuri zaidi. Kifo hicho alikiokota kwa adui.

Waliokuwa wapanda farasi walikasirika. Walikuwa hai, walikuwa na kumbukumbu, na hawakupata kupiga vifaru kwa vitara. Wajda mwenyewe baadaye aliihesabu *Lotna* miongoni mwa kazi zake zilizomshinda. Lakini filamu ikishatoka haina breki. Uongo wa waandishi wale wa mwaka 1939 ungeweza kuzeeka na kufa pamoja na magazeti yake. Ulipoingia kinywani mwa mtoto wa ofisa wa Kipolandi, tena kwa mapenzi, ukapata uraia. Tangu hapo, Mpolandi akikanusha, anajibiwa: mbona filamu yenu wenyewe inaonesha?

Tumrudie kijana wetu, ambaye bado anacheka na simu mkononi.

Mzaha wake wa dakika 38 una sehemu nyingi kuliko anavyojua. Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896. Ndani ya saa chache Sayyid Khalid bin Barghash alikuwa keshaingia kasri na kujitangaza Sultani. Si mara yake ya kwanza. Miaka mitatu nyuma alijaribu vivyo hivyo, akashawishiwa kutoka. Safari hii hakutoka. Tangu Zanzibar iwekwe chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, Waingereza walidai kwamba hakuna atakayekalia kiti bila ridhaa ya konseli wao. Konseli aliyekuwa akikaimu, Basil Cave, akamtaka ashushe bendera na kuondoka kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Manowari zikasogea mbele ya mji chini ya Admirali Harry Rawson, zikafika tano: St George, Philomel, Thrush, Racoon na Sparrow.

Ndani ya kasri walikuwamo watu wapatao 2,800. Picha anayoijenga mgeni kichwani, ya watu wa majambia na mikuki, ni picha ya Krojanty iliyovalishwa kanzu. Khalid alikuwa na bombomu za Maxim, alikuwa na bunduki ya Gatling, alikuwa na mizinga miwili iliyokuwa zawadi ya Kaiza wa Ujerumani, na mzinga mmoja wa shaba wa karne ya 17 ambao nao ulielekezwa baharini. Alikuwa na meli pia, Glasgow, iliyojengwa enzi za baba yake Sayyid Barghash baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuzamisha merikebu zake. Silaha zilikuwapo. Alichokosea Khalid ni kuwasoma watu: aliamini kwamba Waingereza hawatapiga. Alituma ujumbe asubuhi ile ile kusema hivyo.

Walipiga saa tatu na dakika mbili. Kasri, ambalo sehemu kubwa lilikuwa la mbao, likashika moto na kuporomoka juu ya waliokuwamo. Glasgow iliijibu St George kwa vizinga vyake vidogo ikazamishwa palepale bandarini. Mabaharia wake walipandisha bendera ya Kiingereza kuomba amani, wakaokolewa. Bendera ya kasri ilianguka saa nne kasoro dakika ishirini. Kwa upande wa kasri watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Kwa upande wa manowari, baharia mmoja alijeruhiwa vibaya.

Na katika hao wa kasri, wangapi walikuwa askari? Walikuwamo walinzi, kweli. Walikuwamo pia watumishi wa nyumba, watumwa, na watu wa mjini waliovutwa na wito au na mkumbo. Upande wa pili, chini ya Lloyd Mathews na Luteni Arthur Raikes, walikuwapo askari wa Kizanzibari mamia kadhaa waliosimama na Waingereza. Khalid mwenyewe alitoka kabla mambo hayajaisha, akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam kwa manowari ya Kijerumani, akaishi huko mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916. Wakampeleka uhamishoni Seychelles na Saint Helena. Alifia Mombasa mwaka 1927. Kwa hiyo wala mimi sitaki kumfanya Khalid kuwa shujaa wa filamu. Aliyewaingiza watu kwenye nyumba ya mbao mbele ya mizinga ya manowari, kisha akatokea mlango wa nyuma, ana lake la kujibu. Yapo masimulizi mapya yanayompa farasi mweupe. Hayo nayo nayaogopa.

Pembeni kidogo: si mara moja tu kisiwa hiki kutazamwa kwa jicho la mgeni anayetafuta picha ya kuvutia. Mwaka 1966 Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi walitoa *Africa Addio*, yenye picha walizopiga kutoka angani juu ya Unguja siku za Mapinduzi, Januari 1964. Wageni wengi wa kizazi kile waliijua Zanzibar ya Mapinduzi kwa picha zile. Kutoka juu mtu hana jina wala jirani, wala hana sababu ya kukimbilia anakokimbilia. Ubishi wa yaliyotokea mwaka ule wenyewe tunao na tutakuwa nao, lakini ni vibaya kuuendesha kwa kutegemea macho ya mtu aliyekuwa ndani ya ndege.

Na huhitaji kwenda 1964. Tembea Kiwengwa jioni, maji yakiwa yametoka hadi mwambani. Utawakuta vijana wa shuka nyekundu na rungu, wengine Wamasai wa kweli waliotoka bara kutafuta riziki, wengine waliojifunza kuvaa shuka hapa hapa. Mgeni anataka morani, morani anapatikana. Siwalaumu, riziki haina kiburi. Lakini mtazame yule Mmasai wa kweli anavyosimama karibu na yule wa kununua shuka dukani, na jinsi mgeni asivyoona tofauti. Picha ikishapata soko, mwenye sura halisi analazimika kufanana nayo.

Kijana wetu hakuyawaza hayo. Yeye alifikiwa kwa njia nyingine. Msimu wa wageni ulipochanganya, mapapasi na madereva walikwenda kwa wakala mmoja wa safari kudai nyongeza ya kamisheni. Walikwenda kwa adabu, mzee mmoja akatangulizwa kusema. Wakala akawasikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema, "Mnataka vita na mimi? Ninyi? Si mnawaambia wageni wangu kila siku kwamba mnamudu dakika 38?"

Wote wakageuka wakamtazama kijana. Hakuna aliyecheka. Mzee aliyetangulizwa alisema tu, "Haya, bwana," wakatoka. Nyongeza haikupatikana, na tangu siku hiyo ofisini kwa wakala jina lao likawa "thelathini na nane". Thelathini na nane wamefika? Waambie thelathini na nane wasubiri nje.

Usiku alimweleza bibi yake, ambaye mchana kutwa alikuwa kwenye mwani na sasa amekaa kibarazani ananyoosha miguu. Bibi hakuwa amewahi kuusikia mzaha ule, maana huuzwa kwa Kiingereza na Kiitaliano. Akataka aambiwe. Kijana akausema, kwa Kiswahili, mara yake ya kwanza kuusema kwa lugha ya nyumbani, na alipofika kwenye chai akaona mwenyewe kwamba hapachekeshi.

"Wangapi umesema?" bibi akauliza.

"Mia tano, bibi. Waliokufa na waliojeruhiwa."

"Watoto wa nani?"

"Sijui, bibi."

"Na wamezikwa wapi?"

"Sijui."

"Basi mjukuu wangu," bibi akasema, "wewe hadithi hiyo hujaijua. Unajua tu inavyoishia."

Safari iliyofuata, mbele ya Beit el Ajaib, ambayo tangu sehemu yake iporomoke mwezi wa Disemba 2020 wageni huitazama kwa mbali, kijana alisimulia kwa namna nyingine. Alianza na kufariki kwa Sayyid Hamad. Aliwaonesha baharini, manowari tano zilikojipanga, na umbali ulivyokuwa mdogo. Aliwaambia habari za mbao. Aliwaambia kwamba Wazanzibari walikuwa pande zote mbili. Idadi ya dakika aliitaja mwisho, bila chai, akaongeza kwamba wengine huhesabu 40 na wengine 45. Wageni walinyamaza. Bibi mmoja wa Kiitaliano aliuliza kama majina ya waliokufa yameandikwa ukutani popote. Wengine walitazama saa, maana ahadi ilikuwa ni duka la viungo kabla ya chakula. Bakshishi haikuwa mbaya, lakini haikuwa ile.

Dereva, aliyekuwa ameegemea gari akisikiliza, alisubiri wageni wapande, wafunge mikanda, waanze kutazama picha zao kwenye simu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Yakhe, leo umewahuzunisha watu wazima. Petroli tutatia kwa machozi yao?"

"Kesho nitaipanga vizuri zaidi."

"Ipange na chai irudi."

"Chai hairudi."

"Basi weka hata farasi."

Kijana akamwambia kwamba habari za farasi pia ni uongo, akaanza kumweleza aliyokuja kuyasoma juu ya Krojanty. Dereva hakutaka kusikia. Walibishana hivyo kutoka Mtoni mpaka Mahonda, na walipopita Kinyasini walikuwa bado hawajapatana.